Mhariri, tuwekee hadithi ya upanga kwenye gazeti la Jumamosi

Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Jinja. Mimi ni fundi wa kushona, niko hapa Walukuba, nashona gomesi, kanzu, sare za shule, chochote kinacholetwa, na gazeti lenu nalisoma kila likifika, saa zingine limechelewa siku mbili tatu lakini nalisoma hivo hivo mpaka matangazo ya vifo. Leo nataka kuongea juu ya kitu ambacho sijawahi kuona mtu akikiandika kwenye ukurasa huu wa barua, nacho ni katuni za kupigana kwa upanga, zile hadithi ndefu za mashujaa na mazimwi na falme za zamani, zimechorwa vizuri mpaka chai inapoa mbele yako na hujainywa. Nazipenda sana. Na nina ombi, lakini ombi nitalifikia, wacha kwanza niseme kwa nini nazipenda, juu nikianza na ombi utadhani nataka ukurasa wa kuchekesha watoto, na sio hicho ninachotaka.

Watu wengi huku wakisikia katuni wanafikiria ya kuchekesha ama ya siasa. Hizo tunazo na ni nzuri, waliokulia Kenya wanamjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, waliopitia Tanzania wanakumbuka jarida la Sani na kina Ndumilakuwili na Lodilofa, na hapa Uganda wachoraji wa magazeti wanawachora wanasiasa na matumbo yao na nchi nzima inacheka. Sawa. Lakini kuna hii aina nyingine ambayo hadithi inaendelea wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, mhusika anakua unamuona, anapata makovu, anapoteza watu, na silaha aliyoshika inamgharimu kitu kila akiitoa. Ukishaingia humo hutoki.

Mfano wa kwanza natoa Japani, wao ndio wamebobea. Kuna Vagabond ya Takehiko Inoue, ilianza 1998, inamhusu Miyamoto Musashi, mpiga upanga ambaye aliishi kweli na akafariki mwaka 1645. Huyu Inoue alikua ameshajulikana kwa katuni ya mpira wa kikapu, afu akaingia kwenye upanga, na hadithi inavyoendelea unaona anazidi kushika brashi ya wino badala ya kalamu, mistari inakua minene hapa, myembamba pale, nywele, mvua, majani, jasho. Mi kama fundi wa nguo kitu cha kwanza naangalia ni nguo. Wale jamaa wanavaa hakama, ni vazi pana la chini lenye marinda mazito, matano mbele, na mtu akishuka kiuno ili avute upanga unaona kabisa rinda lipi limefunguka na lipi bado limelala, mkono wa nguo ya juu unarudi nyuma kiwiko kinatokea, kwapa linavuta, na hapo unajua bila kuambiwa kwamba upanga ushatoka. Mara nyingine upanga wenyewe hata hauonekani! Ni kitambaa tu kimepinda na mstari mmoja mweupe umepita kwenye wino mweusi. Anayeshona anajua kitambaa hakidanganyi, mkono ukiinuka lazima mshono wa ubavuni useme kitu. Wachoraji wavivu wanachora nguo ambayo haina mtu ndani, wanamchora shujaa mkono uko juu na koti limekaa tu vile lilivyokaa kwenye hanga, na hapo mi nafunga kitabu.

Na kuna kurasa hazina neno hata moja. Unafungua, watu wawili wamesimama kwenye nyasi, unafungua tena wamesogea hatua, tena, mguu mmoja tu umechorwa, kidole gumba kimekandamiza udongo. Mtu asiyezoea atasema hii ni karatasi imepotea bure. Mi nasema hapo ndio pambano lenyewe liko, juu kwa kweli kwenye upanga kinachokaa muda mrefu ni kule kungojana, pigo lenyewe likija limeshaisha. Sinema haiwezi kukupa hiyo kwa mwendo wako wewe. Kwenye karatasi ni wewe unaamua utafungua lini.

Halafu huyo Musashi. Kuna mahali anapigana peke yake na watu sabini wa shule ya upanga ya Yoshioka, pambano refu ajabu, na anatoka hai, lakini mguu umeumia mpaka watu wanajiuliza kama atatembea sawasawa tena. Ungetegemea baada ya hapo aende kwa mfalme apewe dhahabu. Hapana. Anaishia kwenye kijiji chenye njaa, yuko na mtoto yatima, na anaanza kulima. Hajui kulima. Ardhi ngumu, maji hayaeleweki, wenyeji wanamuona kichaa, na yule mtu ambaye watu sabini walimshindwa anashindwa na udongo siku baada ya siku mpaka anajifunza kuomba msaada kwa mzee anayejua mpunga. Mi nina jamaa zangu Butaleja wanalima mpunga pale Doho, naijua ile kazi ya kusimama kwenye maji mgongo umepinda tangu asubuhi. Dada yangu mkubwa alikuja kunitembelea nikamuonyesha zile kurasa, yeye hana habari na katuni kabisa, aliangalia mikono tu, vile inavyoshika mche, akasema huyu aliyechora ameshawahi kuingia shambani. Hiyo hadithi imesimama tangu 2015, haijamaliziwa, na inauma, lakini ikiishia hapo hapo kwenye mpunga mi bado nitaiweka juu ya zote.

Ya pili ni Claymore ya Norihiro Yagi, 2001 mpaka 2014, juzuu 27, imeisha kabisa. Hii nawapa wasichana wanaojifunza kushona kwangu, juu wapiganaji humu ni wanawake. Kuna mazimwi yanaitwa yoma, yanakula matumbo ya watu na yanavaa sura ya binadamu, unaweza kukaa nalo meza moja hujui. Kuna shirika linachukua wasichana yatima, linawatia nyama ya hayo mazimwi mwilini, wanakua nusu mtu nusu zimwi, macho yanageuka ya fedha, wanapewa upanga mkubwa na kutumwa vijijini. Kijiji kinalipa, kinaokolewa, afu watu wale wale wanawafungia milango na kuwaita wachawi. Kila mpiganaji ana namba kulingana na nguvu zake, na Clare, ambaye ndio mhusika wetu, ni namba 47, yaani wa chini kabisa. Kinachonifurahisha ni kwamba Clare hashindi kwa misuli. Anashinda kwa kusoma nguvu ya adui inavyotembea mwilini kabla adui hajasogea, anaangalia, anavumilia, anapigwa, anaamka. Na kabla yake kuna Teresa, namba moja, hakuna wa kumgusa, hahitaji mtu, mpaka anafuatwa na mtoto wa kike aliyeteswa mpaka akaacha kuongea, anamfukuza, mtoto anarudi, anamfukuza tena, anarudi, na mwisho Teresa anavunja sheria ya shirika kwa ajili ya huyo mtoto, na adhabu ya hiyo sheria ni kukatwa kichwa. Sisemi zaidi, someni. Binti mmoja hapa kwangu aliposoma hiyo sehemu alisimamisha mashine akatoka nje akakaa.

Kwa uchoraji pia Yagi alijitengenezea mtihani mgumu sana, amechukua wanawake wote hao akawapa nywele za rangi moja, macho ya rangi moja na sare moja. Nimeshona sare za shule miaka mingi, najua vile sare inavyofuta watu, ukiwaona watoto wa shule nzima wamesimama mstarini hujui nani ni nani. Lakini humu baada ya muda unawatambua hata wakiwa wamekupa mgongo, kwa mkato wa nywele, kwa bega, kwa vile mmoja anauegemea upanga na mwingine hawezi kutulia.

Hii ya tatu vijana wote wanaijua, Kimetsu no Yaiba, wao wanaiita Demon Slayer, ya Koyoharu Gotouge, ilitoka 2016 mpaka 2020 kwenye jarida la kila wiki huko Japani, afu ikaenda kwenye tivii na sinema na hapo ndio ikafika mpaka Jinja kwenye simu za watoto. Kijana wa sekondari alikuja kwangu na picha kwenye simu, anataka koti la Tanjiro, lile la miraba ya kijani na nyeusi. Koti lenyewe jepesi kukata lakini ile miraba bana, kitambaa chake hakipatikani huku, ilibidi tukate vipande vya kijani na vyeusi tuviunge kimoja kimoja, na kila pembe lazima ikutane na pembe, mraba mmoja ukikimbia nusu sentimita safu nzima inaenda upande. Akawa anakuja kila jioni kuangalia limefika wapi, na akija anasimulia, vile familia ya Tanjiro iliuawa na zimwi, dada yake Nezuko akageuka zimwi, na yeye anambeba mgongoni kwenye sanduku mchana juu jua litamuunguza. Kitu alichokirudia zaidi huyo kijana hakikua mapigo. Alirudia vile Tanjiro, akishalikata zimwi na linaanza kuwa majivu, anakumbuka kwamba lile nalo lilikua mtu, kuna moja anafikia kulishika mkono mpaka linapotea. Kijana wa miaka kumi na sita, wa Walukuba, ananielezea huruma kwa adui na uso wake uko makini kabisa. Ningetaka walimu wa dini wamsikie.

Berserk ya Kentaro Miura nitaitaja kwa tahadhari. Ilianza 1989, na kwa uchoraji peke yake sijaona mtu wa kumfikia, majengo, farasi, silaha za chuma, kila mstari umewekwa kwa mkono, ukurasa mmoja unaweza kuuangalia nusu saa. Lakini ndani yake kuna ukatili mkubwa na mambo ya ubakaji, hii sio ya watoto, wazazi msidanganywe na neno katuni. Miura alifariki Mei 2021, ana miaka 54 tu, hadithi haijaisha. Mwaka uliofuata wasaidizi wake wa Studio Gaga wakaiendeleza, wakisimamiwa na Kouji Mori, rafiki yake wa tangu ujana ambaye alikua ameshasimuliwa mwisho wake zamani. Kuna wasomaji walikataa, wakasema ingeachwa. Mi nilifundishwa kushona na mzee mmoja hapa hapa Jinja, alipofariki kulikua na kanzu na gomesi zimekatwa hazijaunganishwa, na sisi wanafunzi wake tulizimaliza kwa kufuata chaki yake iliyobaki kwenye kitambaa, wateja wakavaa. Kwa hiyo kwenye huo ubishi mi niko upande wa wasaidizi.

Sasa najua kuna mtu anasoma hapa amekunja uso. Anasema, mama, Uganda hii, baada ya yale ya Masaka 2021, wazee wakavamiwa usiku majumbani mwao na kukatwa kwa mapanga, bado unataka vijana waangalie picha za watu wakikatana? Swali hilo ni la haki na nimelifikiria sana, juu mi mwenyewe wakati ule nilikua naamka usiku kuangalia kama komeo limekaa. Jibu langu ni hili. Waliofanya yale hawakufundishwa na katuni. Na katuni nzuri za upanga haziwezi kumfanya mtu apende yale, juu zinachora kinachokuja baada ya pigo, na hicho ndicho habari za redioni haziwezi kutuonyesha, idadi tunasikia, mtu hatumuoni. Musashi haponi kutoka kwa wale sabini, anatembea nao. Clare anaingia kijijini na mama anamvuta mtoto ndani. Kuna katuni mbaya pia na sizitetei, zile ambazo damu ni mapambo tu, mtu anakatwa na kwenye picha inayofuata watu wanakula. Na zile ambazo mwanamke anapelekwa vitani tumbo wazi, amevaa sidiria ya chuma na buti! Hiyo nguo haimkingi na kitu, aliyeichora hakumfikiria mwanamke huyo kama mtu anayetaka kurudi nyumbani akiwa hai, na mhusika ambaye mchoraji wake hajali kama atakufa, mi msomaji nitamjali vipi? Japani wenyewe wanatenganisha majarida, ya wavulana na wasichana huku, ya watu wazima kule. Nasi tunaweza kutenganisha.

Ila tatizo kubwa ni kwamba hizi hadithi zinatufikia kwa shida. Vitabu vyenyewe ni vya mitumba, unapata juzuu ya nne na ya tisa, za kati hazipo, ama unasoma kwenye simu bando inaisha katikati ya pambano, na zote ni za Kiingereza. Mi Kiingereza nasoma, wasichana wangu wengi hawakufika mbali shuleni, kwa hiyo kazi ikipungua nasimulia mi mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa kwa kurasa, nawaonyesha picha. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, watu wakatoka kila upande, Wajaluo, Wagisu, Waluhya, Waacholi, Wasoga wenyewe, na Kiswahili ndio kikatuunganisha, kwa hiyo nikisimulia hata jirani anayeuza mkaa anasogea. Sinema tuliliweza hili jambo, nenda kwenye kibanda chochote cha video utamkuta vijei anatafsiri Kiluganda juu ya filamu ya Kichina na watu wamejaa mpaka mlangoni. Kwa katuni mi sijaona aliyejaribu.

Na ndio hapa ombi langu linaingia, mhariri. Kwenye toleo lenu la Jumamosi kuna ule ukurasa wa fumbo la maneno na utabiri wa nyota. Nusu yake tupeni. Wekeni hadithi ya upanga, ya Kiswahili, imechorwa na kijana wa Afrika Mashariki, kipande kimoja kila wiki, na pale chini muandike itaendelea.

Msiseme gazeti sio mahali pake. Ile Vagabond niliyoisifia hapo juu imetokana na riwaya ya Eiji Yoshikawa kuhusu Musashi, na hiyo riwaya ilitoka kwanza gazetini, Asahi Shimbun, kipande kwa kipande kuanzia 1935 mpaka 1939. Marekani kuna Prince Valiant ya Hal Foster, hadithi ya mwanamfalme na upanga wake wakati wa mfalme Arthur, ilianza Februari 1937 kwenye magazeti ya Jumapili na mpaka leo inatoka, wachoraji wakipokezana. Kwa hiyo gazeti ndio lilikua nyumbani kwake. Na msiseme ni gharama ya rangi, juu hizi za Kijapani karibu zote ni wino mweusi tu, na majarida yanayozitoa kwanza yanachapishwa kwenye karatasi rahisi ya kusindikwa upya. Wino mweusi na karatasi rahisi, hivyo mnavyo tayari.

Na hadithi tunazo jamani! Wa kwanza ni Fumo Liyongo. Wazee wa pwani wamemuimba miaka na miaka, Muhammad Kijumwa akauandika utenzi wake mwaka 1913, na ukiusoma unaona picha zinajipanga zenyewe. Liyongo amefungwa gerezani, minyororo, askari mlangoni. Mama yake anaoka mikate, ile mizuri askari wanaila wao, lakini kuna mmoja wa wishwa, mbaya, wanaucheka na kumpitishia mfungwa, na ndani yake kuna tupa. Usiku ngoma ya gungu inachezwa nje, makelele, matari, na ndani Liyongo anakata chuma kwa ile tupa kelele zikimfunika. Hebu fikiria huo ukurasa, nusu juu watu wanacheza, nguo zimechanua, mikono iko hewani, na nusu chini mtu mmoja gizani na cheche. Ama pale walipopanga kumuua juu ya mkoma, kila mtu apande kwa zamu kuchuma, zamu yake ikifika wampige mishale, na yeye hapandi, anasimama chini anazidungua koma kwa upinde zinaanguka. Ama kifo chake, amechomwa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, anajikokota mpaka kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, na anafia hapo hapo akiwa amelenga, mji mzima una kiu na hakuna anayethubutu kuteka maji juu wanadhani yuko hai. Huo upewe ukurasa wote, bila neno.

Huku bara silaha yetu ilikua mkuki na ngao na upinde zaidi ya upanga, na hiyo haina shida, hata kwenye hizo za Kijapani mikuki imejaa. Kuna Kibuuka wa Ssese, aliyeipigania Buganda, akaruka mawinguni akiwamiminia Wanyoro mishale kutoka juu, mpaka siri yake ikatoka kwa mwanamke mateka, wakalenga wingu, akaangukia juu ya mti kule Mawokota. Kuna Wachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi ya wazee, na mahandaki ya Bigo bya Mugenyi bado yapo karibu na mto Katonga, mchoraji anaweza kwenda kuyaangalia kwa macho yake. Kuna Wanyoro wenyewe na ustadi wao wa kuyeyusha chuma, sura nzima ya hadithi inaweza kukaa kwenye tanuru, mivukuto na moshi, kabla hata silaha haijapata mpini. Na kama mtu anataka Japani na Afrika kwenye kapu moja basi yupo Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani 1579 na mmisionari Valignano, akachukuliwa na bwana mkubwa wa vita Oda Nobunaga, akapewa nyumba na upanga, na alikuwepo hadi Nobunaga alipoangushwa 1582. Wanahistoria wengi wanadhani alitoka pande za Msumbiji. Hebu niambieni kwa nini huyo hadithi yake tunaisubiri ichorwe na watu wa mbali.

Tena mnajua Kiswahili kilivyo na kazi huku Uganda. Baraza la mawaziri 2022 lilikubali kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, sawa, lakini wazee wengi bado wanakumbuka askari wa wakati wa Amin waliokua wanawafokea kwa Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, na mtoto anafundishwa ngeli akirudi nyumbani bibi anamwambia hiyo ni lugha ya wezi. Mtoto huyo anahitaji kitu kizuri cha kusoma kwa Kiswahili, kitu atakachokitafuta mwenyewe bila kuchapwa. Mi nimewaona wasichana wangu, wale wenye kusoma kwa kusuasua, wakinyang'anyana karatasi ili wajue Clare amefanyaje. Wekeni hadithi nzuri uone kama hawatasoma.

Masharti yangu ni machache. Mhusika mkuu mmoja awe mwanamke na avae nguo kamili. Anayekufa afe kweli, asirudishwe wiki ya pili. Mchoraji alipwe, juu najua magazeti mengine yanamwambia kijana utajulikana ndio malipo yako, na kujulikana hakununui wino. Kiswahili kiwe cha kuongea, sio cha mtihani. Na msiikate ikifika tamu kwa sababu kuna tangazo la mbolea.

Mchoraji mkimpata mleteni Jinja wiki moja. Nitakata kanzu ya Liyongo kwa kitambaa cha pamba, nzito kidogo ili ianguke vizuri, na joho juu yake, yule kijana wa koti la miraba amekubali kuivaa, ataruka, atapiga goti, atainua mkono na upinde mara ngapi anazotaka, na mchoraji akae pale kibarazani achore mikunjo mpaka ajue kila mshono unavuta wapi. Kitambaa natoa mimi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa kushona,
Walukuba, Jinja